Maneno Ambayo Seremala Hakuyasema

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kumsomea mama. Sijui kipi kitamchosha mapema.

Macho yake yamezidi. Mtoto wa jicho ameliziba la kulia kabisa, na la kushoto linamsaidia tu kujua kama ni mchana, na kama kilichosimama mlangoni ni mtu au ni kabati. Daktari wa macho huja hospitali yetu mvua zikiisha, na kabla ya hapo ni kusubiri. Basi nimebeba kazi zangu nikahamia kwake. Naandika miongozo ya wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wa fasihi, yaani nawaeleza mwandishi alikuwa na maana gani, hasa pale ambapo hakusema. Mama, aliyefundisha mpaka akastaafu, huiita kazi yangu umbeya wenye mshahara.

Kitabu alichokitaka ni kilekile, Mlango wa Uani. Kila aliyepita sekondari anakijua. Mjane anaishi peke yake, na mlango wake wa uani kila msimu wa mvua huvimba mbao ukakwama. Kila msimu seremala huja kuupiga randa. Anapiga randa, anapewa maji ya kunywa, anaondoka. Kitabu kizima ndicho hicho, na watu wamekisoma kizazi baada ya kizazi.

Tulipomaliza sura ya kwanza nikamwambia, "Wanapendana hawa."

"Kina nani?"

"Seremala na mjane."

"Mlango umekwama, mwanangu. Mlango ukikwama anaitwa seremala. Ulitaka aitwe nani, mkunga?"

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Sura ya pili. Wanapendana. Mama anasema ninachohitaji mimi ni mume.

Jumamosi, 9 Machi

Leo tumepata msikilizaji mwingine. Ni jirani wa mtaa wa nyuma, kinyozi, ambaye watu wote wanamwita Dakika Mbili. Mteja akimuuliza atasubiri mpaka lini, jibu ni dakika mbili. Akiingia nyumbani kwa mtu husema amepita dakika mbili tu. Leo alipita baada ya chakula cha mchana kumletea mama betri za redio, akaondoka jioni.

Mkewe alifariki zamani. Watoto wake wote walifundishwa na mama, na mpaka leo yeye humwita mama "mwalimu," tena kwa sauti ya mtu anayeogopa kuambiwa asimame kwenye kona.

Alikaa kiti cha karibu na mlango. Nikamwambia, "Mjomba, hapo upepo wa mvua unakupiga, hamia kwenye kochi." Akasema, "Hapa panatosha, mwanangu." Baadaye ndipo nikaona: akikaa pale upepo unamwishia yeye, haumfikii mama.

Nimeandika sentensi hiyo kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Sijui kwa nini. Labda ni mazoea ya kazi.

Alhamisi, 14 Machi

Anakuja kila siku. Anasema mvua ikinyesha watu hawanyoi, kwa hiyo mchana anafunga duka.

Leo nilimuuliza kuhusu kitabu. "Wewe mjomba unaonaje? Wanapendana, hawapendani?"

Alijipangusa viganja magotini. "Mimi naona yule seremala hana haraka."

"Hana haraka kwa sababu analipwa kwa siku," mama akasema, na wote wawili wakaangua kicheko. Kicheko hicho cha mama sijakisikia tangu baba atutoke. Nilikuwa nimekisahau, kumbe kina mlio fulani mwishoni.

Asubuhi alikuwa ameniuliza kama gauni lake la bluu limefuliwa. Bluu yenyewe haioni. Nilimkabidhi gauni nikatoka chumbani nikitabasamu peke yangu kama mjinga.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimetia chumvi.

Tulikuwa sura ya nne. Kitabuni imeandikwa hivi: "Seremala akamtazama, kisha akachukua randa yake." Mimi nikasoma: "Seremala akamtazama, akamtazama kuliko mlango ulivyohitaji, kisha akachukua randa yake." Maneno yalitoka yenyewe, kwa sauti ileile, bila kujikwaa. Dakika Mbili alisogea mbele ya kiti. Mama aligeuza uso kidogo upande wangu.

"Umesoma sawasawa?"

"Kama kilivyoandikwa, mama."

"Haya, endelea."

Basi nimemdanganya mtu asiyeona, tena mama yangu mzazi, na wala sikubabaika. Nimejitetea moyoni kwamba ni maneno machache, na kwamba yanasema tu kilichokuwamo. Si ndiyo kazi yangu? Wanafunzi wananilipa kwa hayo hayo.

Jumamosi, 23 Machi

Dada alipiga simu kuuliza habari za macho. Nikamsimulia mambo ya kitabu, ya gauni la bluu, ya kiti cha mlangoni, na ile chumvi yangu ambayo kusema kweli sasa naitia kila siku. Nilicheka sana nikisimulia. Yeye hakucheka.

"Wewe umeanza lini kuwatongozea watu wazima?"

"Mimi nawasomea tu."

"Mwache mama," akasema, kisha akauliza kama paa bado linavuja.

Dada tangu utotoni ni mwoga wa kila kitu. Nimejiambia hivyo, nikaenda kuandaa chai.

Jumatano, 27 Machi

Sura ya saba ndiyo ambayo mwandishi ameniudhi nayo tangu nikiwa mwanafunzi. Mjane anamuuliza seremala, "Kwani mlango huu hauna dawa?" Kitabuni seremala hajibu. Anakusanya takataka za mbao, anaaga. Mstari mmoja, basi. Nimewahi kuuandikia kurasa nzima za maelezo mstari huo.

Leo nilipofika hapo niliinua macho. Mama alikuwa na mikono mapajani, ametulia. Dakika Mbili alikuwa akimtazama, na kwa kuwa mama haoni, hakuwa na sababu ya kuuficha uso wake. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma hata mimi, sijui kwa lipi. Basi nikampa seremala maneno.

Nikasoma: "Seremala akasema, 'Dawa ipo. Mlango huu ningeweza kuutengeneza siku moja ukapona kabisa. Lakini ukipona, mimi nitakuja hapa kwa sababu gani?'"

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Kisha Dakika Mbili akashusha pumzi. "Lo," akasema. "Kumbe alisema."

Mama aliomba maji. Nilipomletea, aliipokea bilauri kwa mikono miwili.

Jumatatu, 1 Aprili

Dakika Mbili ameniomba nirudie pale. "Pale pa dawa," alisema, akakohoa, akatazama nje.

Nilifungua sura ya saba na kuukodolea macho ukurasa ambao hauna neno hata moja la hayo aliyoyataka. Nikaanza kuyatunga upya kwa kumbukumbu. "Dawa ipo. Mlango huu ningeweza kuutengeneza ukapona, lakini..."

"Umeruka, mwanangu," akasema kwa upole. "Ni 'siku moja ukapona kabisa.'"

Ameyashika kwa moyo, kila neno na mahali pake. Nikarudia sawasawa kama alivyonisahihisha. Mama alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. Hakuniuliza leo kama nimesoma sawasawa.

Tangu jioni najisemea kwamba nitaacha. Nitasoma kilichoandikwa tu, na yale mengine watayasahau.

Ijumaa, 5 Aprili

Paa linavuja juu ya rafu ya vitabu. Tumetega ndoo.

Jumanne, 9 Aprili

Alikuja leo mapema kuliko kawaida, amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Hakusema dakika mbili. Alisema, "Hodi, mwalimu," akafunga mwavuli wake, akausimamisha pembeni ya mlango. Kisha akaniambia mimi, bila kunitazama, "Mwanangu, leo acha kwanza kusoma."

Nilielewa. Nikasema naenda kuosha vyombo. Jiko letu na sebule vimetenganishwa na pazia tu. Nilifungua bomba, nikaosha kikombe kimoja, halafu nikalifunga bomba ili nisikie. Ndiyo, nililifunga. Nilisimama na kikombe kinachotiririka maji nikijiona mimi ndiye niliyeipanga siku hiyo.

"Mwalimu," alisema, "mimi si mtu wa maneno. Wewe unanijua."

"Nakujua, jirani."

"Lakini nimesikiliza hiki kitabu. Nikaona kumbe mtu anaweza kukaa na jambo lake miaka na bado akalisema." Nikamsikia akivuta hewa, na kabla hajafungua kinywa nilijua kinachokuja, nikatamani nipige kelele. "Kama alivyosema yule seremala. Mlango huu ningeweza kuutengeneza siku moja ukapona kabisa. Lakini ukipona, mimi nitakuja hapa kwa sababu gani?"

Aliyasema polepole, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Nyumbani kwetu hakuna mlango uliokwama. Hajawahi kutengeneza chochote hapa. Alikuwa ameyabeba tu jinsi yalivyo, akijua mama atayaelewa, kwa sababu mama anakijua kitabu.

Nilisubiri. Mama naye alisubiri. Niliwaza kwamba labda anatafuta jinsi ya kukubali.

"Kuna lingine, jirani?" mama akauliza.

"Hapana. Ni hilo."

"Basi nakushukuru," mama akasema. "Nakushukuru sana. Lakini hapana."

Alisema, "Sawa, mwalimu." Kiti kikalia. Nilipotoka alikuwa ameshaondoka, na mvua ilikuwa inamwagika, na mwavuli wake umesimama palepale pembeni ya mlango.

Mama alikuwa amekaa wima, ameelekeza uso mlangoni kama mtu anayeona. "Funga mlango," akaniambia. "Upepo unaingia."

Jumatano, 10 Aprili

Hakuja.

Alhamisi, 11 Aprili

Hakuja. Nilimuuliza mama kama nimsomee. Akasema niwashe redio.

Jumamosi, 13 Aprili

Hakuja. Mama amevaa lile gauni la kijivu lililochanika kwapani. Anakula kidogo. Mchana ukifika wakati ule wa kusoma, anasogeza kichwa kila mtu akipita barabarani.

Nimewaza jambo moja na siwezi kulifukuza. Mvua zitakwisha, daktari atakuja, na mama atapata jicho. Kitu cha kwanza atakachokifungua ni kitabu hiki. Atafika sura ya saba, atamtafuta seremala wake, na hatamkuta. Ndipo atajua kwamba aliyemjia na shati la pasi alitumwa na mimi.

Leo mchana nilikitoa kitabu rafuni, nikakiweka palepale panapovuja, nikaiondoa ndoo. Kisha nikaenda chumbani kwangu nikakaa kitandani. Karatasi za zamani hazihitaji muda mrefu. Nilikaa nikisikiliza matone yakidondoka juu ya jalada, na sauti ile sikuweza kuivumilia. Nilirudi mbio, nikakinyakua, nikakifuta kwa kanga yangu. Kurasa za mwisho zimelowa. Maandishi yapo.

Hata uovu wangu haufiki mwisho.

Jumatano, 17 Aprili

Mama aliomba kukishika kitabu. Alikipapasa jalada, akapitisha kidole gumba ukingoni mwa kurasa.

"Kimevimba," akasema.

"Paa lilivuja, mama."

"Ndoo ilikuwa wapi?"

Alinirudishia bila kuuliza tena, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenigombeza ningepata pa kushika.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimekwenda kwa kinyozi.

Nilichukua mwavuli wake uwe kisingizio. Duka lake ni chumba kimoja chembamba, kioo kirefu ukutani, viti viwili vya kuzunguka ambavyo kimoja hakizunguki, benchi la wanaosubiri. Alikuwa anamnyoa mwanamume mmoja mwenye upara, kazi ambayo kwa kweli ilikuwa ya pembeni tu. Aliniona kupitia kioo. Wembe ukasita.

"Karibu, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, mjomba. Nimeleta mwavuli."

"Dakika mbili," akasema. Safari hii zilikuwa dakika mbili kweli. Alimpangusa yule mteja shingo, akamsindikiza mpaka nje, akarudi, akachukua ufagio. Nilitamani angekaa chini. Aliendelea kufagia nywele, nami ikabidi niseme na mgongo wake.

"Mjomba, yale maneno ya seremala. Hayamo kitabuni."

"Yapi?"

"Ya mlango kupona. Ya kwamba atakuja kwa sababu gani. Niliyatunga mimi. Kitabuni seremala hakujibu kitu."

Ufagio ulisimama. "Hakujibu kabisa?"

"Aliokota takataka zake, akaaga."

"Na kule kumtazama?"

"Alimtazama. Yale mengine ni yangu."

Aliegemeza ufagio ukutani, ukaanguka, akauokota, akauegemeza tena. "Nilikuwa nikiyasema hapa peke yangu," alisema. "Nikifungua duka asubuhi. Nilisema hivi, aliyeandika kitabu kikubwa namna ile anajua mambo. Kama yeye amemwachia seremala aseme, mimi ni nani nisiseme?" Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe nimekwenda kwa mwanamke mtu mzima mwenzangu na maneno ya mtoto wake."

"Nisamehe, mjomba."

"Na wewe ulikuwa jikoni."

"Ndiyo."

"Ukisikiliza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema ndiyo.

Hakunifokea. Alijitazama kwenye kioo, akanyoosha kola, ingawa ilikuwa imenyooka. Mteja mwingine alichungulia mlangoni, na uso wa mjomba ukabadilika, ukawa ule wa kila siku.

"Asante kwa mwavuli," akaniambia. "Msalimie mama."

Nilirudi nyumbani nimelowa chapachapa. Salamu sikuzifikisha.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua imepungua. Nimeandika ukurasa wa mwongozo kuhusu kitabu kingine, kisha nikaufuta wote. Kila nikiandika "hapa mwandishi anamaanisha" namsikia mtu akiuliza, umejuaje?

Jumatatu, 29 Aprili

Daktari amekuja. Mama amefanyiwa la kulia leo. Amenishika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji na kuniambia nisimtazame kwa huruma, kana kwamba aliniona. Wamemfunga bandeji. Kesho itafunguliwa.

Sikuombea jicho lisipone. Nasema hivyo hapa kwa sababu wazo lilipita. Lilipita tu, lakini lilipita.

Jumanne, 30 Aprili

Muuguzi alifungua bandeji asubuhi. Mama alipepesa, machozi yakamtoka, akatazama dirisha, akamtazama muuguzi, mwisho akanitazama mimi kwa kituo.

"Umekonda," akasema. "Na nywele zako ni aibu."

Nililia. Muuguzi akadhani ni furaha, na kweli furaha ilikuwamo. Daktari alimkataza kuinama, kuinua vitu na kusoma mpaka jicho litulie. Mama akaitikia kila kitu kama mwanafunzi mzuri. Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kochi na kusema, "Niletee kitabu changu."

"Umekatazwa kusoma."

"Sitasoma. Nataka kukiona."

Nilimletea. Alikishika mbali kidogo, akatazama jalada lililopinda, akakifungua. Kilifunguka chenyewe sura ya saba, maana hapo ndipo nilipokifungua mara nyingi kuliko pengine popote. Nikapiga magoti pale sakafuni.

"Mama, hutayakuta. Yale maneno ya dawa hayamo. Niliyaongeza mimi, na mengine kabla ya hayo. Nilikudanganya."

Hakuinua macho kitabuni. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu 'kuliko mlango ulivyohitaji.' Nimefundisha kitabu hiki tangu hujazaliwa, nimesahihisha insha zake mpaka vidole vikaota sugu. Ulidhani siyajui maneno yake?"

"Mbona hukunikataza?"

Kwa mara ya kwanza tangu jicho lake lifunguliwe, alitazama pembeni. Alitazama kiti cha mlangoni. Uso wake ulikuwa umeiva, na mimi ambaye nilidhani aibu yote nimeichukua peke yangu, nikaona nyingine mbele yangu.

"Nilitaka kuyasikia," akasema. "Mtu mzima mimi. Nilikaa hapa na gauni la bluu nikijifanya nasomewa. Kila siku nikisema leo nitamwambia huyu mtoto aache, na kila siku nasema, baada ya ukurasa huu."

"Basi kwa nini ulimkatalia?"

Alikifunga kitabu. Ilichukua muda kidogo, kurasa zilivyovimba.

"Alinijia na maneno yako. Nikayatambua, sauti yako nzima ilikuwamo. Nikasema, sawa, ametangulia na hayo kwa woga, yakiisha atasema ya kwake, hata mawili. Nikamuuliza kama kuna lingine. Ukasikia alivyonijibu, maana najua ulikuwa umefunga bomba."

Nimeshaandika kwamba nilitamani ardhi ipasuke. Leo sikutamani hilo. Nilitaka kubaki palepale sakafuni na kuisikia yote.

Alhamisi, 2 Mei

Anaona nyufa zote za kuta na kunionyesha moja moja. Kiti cha mlangoni kiko palepale. Nilitaka kukisogeza nipitishe ufagio, akasema, "Kiache."

Nina maneno mengi ya kumwambia yule kinyozi. Nimeyapanga vizuri, tena mazuri sana. Sitakwenda.

Jumapili, 5 Mei

Hakuna mvua. Baada ya chai mama akaniita.

"Nenda kwa jirani. Mwambie kitabu hakijaisha."

"Nimwambie na nini tena?"

Alinitazama kwa lile jicho jipya. "Mwambie kitabu hakijaisha."

Njia nzima nililibeba hilo neno kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Duka lilikuwa limefungwa, nikamkuta nyumbani kwake, amekaa kibarazani akinoa mikasi. Nikasema, "Shikamoo, mjomba. Mama anasema kitabu hakijaisha."

Aliutazama mkasi. "Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

"Hukuongeza kitu?"

"Sijaongeza wala kupunguza."

Aliendelea kunoa. Nilisubiri kidogo, nikaaga. Moyo ulitaka kumwambia habari za gauni, za kiti kisichosogezwa, za kichwa kinachogeuka kila mtu akipita. Niliuma ulimi mpaka nikafika kwetu.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Hakusema kitu, mama."

"Haya."

Jumatatu, 6 Mei

Amekuja.

Jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe bila wingu, naye alikuwa amebeba mwavuli. Aliusimamisha pembeni ya mlango. Sikusema kitu, na hapa pia sisemi kitu.

"Hodi, mwalimu. Nimepita dakika mbili tu."

"Karibu, jirani. Ndevu zimekushinda?"

"Mvua ilikuwa nyingi," akasema, akajipapasa kidevu. Alikuwa hajanyoa, na shati lilikuwa la kazini, lina nywele za watu begani. Alikaa kiti chake.

Nilikwenda kuchukua kitabu. Mama akanyoosha mkono, akakipokea, akampa yeye. "Leo nasoma mimi," akasema. "Nimekatazwa kutumia jicho, kwa hiyo nasoma kwa kichwa. Wewe fuatisha kwa kidole. Nikikosea hata neno moja, nisimamishe." Kisha akanigeukia. "Na wewe nenda ukafanye kazi zako."

Nikaenda jikoni. Vyombo vilikuwa vichache, nikavitafutia uchafu. Kutoka nyuma ya pazia nilimsikia mama akisoma sura ya saba kwa ile sauti yake ya darasani, bila haraka. Mjane akauliza kama mlango huu hauna dawa. Seremala akakusanya takataka za mbao, akaaga. Mama akanyamaza pale pale mwandishi aliponyamaza.

"Nimekosea?" akauliza.

"Hapana, mwalimu. Ndivyo ilivyo."

Kisha kiti cha mlangoni kikalia, kama mtu anasogea mbele, na Dakika Mbili akakohoa, na nikajua kwamba anaanza kusema, kwa sauti ya chini, na safari hii si mimi niliyemtungia.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye bomba. Nikalifungua mpaka mwisho, nikaosha kikombe kilekile mpaka nikamsikia mama akicheka.